Je, wajua kwa nini hifadhidata huharibika stima ikipotea, ingawa ilishasema "imehifadhiwa"?

Mhudumu wa duka la dawa pale Kondele, Kisumu, anauza dawa, programu inaonyesha "imehifadhiwa" na risiti inatoka. Punde radi inapiga na stima inapotea. Kompyuta ikiwashwa tena, mauzo hayo hayapo, au hifadhidata nzima inakataa kufunguka. Katika ukanda wa Ziwa Victoria na milima ya Kisii na Kakamega, ambako mvua ya alasiri huja na radi, mafundi huitwa kwa shida hii mara nyingi. Kama data ilihifadhiwa, ilikwenda wapi?

Ilikuwa bado njiani. Programu inapoandika faili, mfumo endeshi huipokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kujibu papo hapo kwamba kazi imekwisha. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kukaa nayo kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuituma kwenye diski. Diski nayo ina RAM yake ndogo, na hujibu "tayari" mara data inapoingia humo. Kache hizi mbili zipo ili kazi iende kasi, na zote mbili hufutika umeme ukikatika.

Chukua kifurushi kinachotumwa kwa matatu kutoka Kisumu hadi Nakuru. Karani wa Kisumu anakipokea na kukupa risiti. Risiti ni ya kweli, ila inathibitisha tu kwamba kifurushi kiko mikononi mwake. Huenda kikalala stoo hadi gari lijae. Kikifika Nakuru, kinawekwa rafuni kwenye ofisi ya kule kikimngoja mwenyewe. Ukitaka uhakika, unapiga simu na kusema: nitasubiri hapa hapa, niambie mwenyewe akishakishika. Hifadhidata hupiga simu ya namna hiyo kila inapothibitisha muamala, na kwenye Linux na macOS simu hiyo inaitwa fsync. Stoo ya Kisumu ni RAM ya kompyuta, rafu ya Nakuru ni kache ya diski, na mwenyewe ni sahani ya sumaku inayohifadhi data hata bila umeme. Muhimu ni nani anayeipokea simu.

Kwenye Linux yenye ext4, mfumo wake wa kupanga faili kwenye diski, kwa kawaida fsync huifikia diski na kuiamuru imwage kache yake, isipokuwa mtu awe amezima ulinzi huo kwa barrier=0 akitafuta kasi. Kwenye macOS, fsync huishia ofisi ya Nakuru: data hufika kwenye diski lakini yaweza kubaki kwenye kache. Kumfikia mwenyewe kunahitaji amri nyingine, F_FULLFSYNC, na ndiyo sababu programu za hifadhidata kama PostgreSQL zina mpangilio wa fsync_writethrough, na SQLite ina fullfsync. Windows ina amri yake ya kazi hiyo, FlushFileBuffers, lakini PostgreSQL hapo hutumia njia ya open_datasync usipoibadilisha, na nyaraka zake zinashauri uzime kache ya diski au uchague njia nyingine. Tena, kwenye sifa za diski za Windows kuna visanduku viwili. Cha kwanza huwasha kache. Cha pili huizuia Windows kutuma amri ya kuimwaga, na Windows yenyewe inaonya usikiweke alama kama diski haina chanzo chake cha umeme. Kwa seva ya duka, hicho cha pili kiache bila alama.

Wengi hudhani kwamba haya yote yakienda vibaya, hasara ni mauzo machache ya mwisho tu: utayaandika upya kutoka kwenye risiti na kuendelea. Dhana hii imewagharimu watu biashara, kwa sababu kache haipotezi vitu vya mwisho tu, hubadilisha pia mpangilio. Diski hupanga upya kazi zake ili kichwa chake kisihangaike huku na huko, kwa hiyo kilichotumwa baadaye kinaweza kuandikwa kwanza. Hifadhidata hutegemea kanuni moja: maelezo ya badiliko yaingie kwanza kwenye logi, yaani daftari la mabadiliko, ndipo jedwali lenyewe liguswe. Jedwali likitangulia na logi ikapotea, hifadhidata ikiamka haina njia ya kujua nini kilikuwa kinaendelea.

Kuna jingine. Hifadhidata huandika data kwa kurasa: ukurasa mmoja wa PostgreSQL ni kilobaiti 8, wa InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya hifadhidata ya MySQL, ni 16, ilhali diski huandika vipande vya baiti 512 au 4096. Umeme ukikatika katikati, ukurasa hubaki nusu mpya, nusu wa zamani. Ukurasa huo huo hubeba rekodi za leo pamoja na za mwaka jana, hivyo zinazoharibika ni pamoja na zile ambazo hakuna aliyezigusa. PostgreSQL hujikinga kwa full_page_writes na InnoDB kwa kuandika kila ukurasa mara mbili, lakini kinga zote mbili hutegemea fsync kusema kweli.

Unaweza kuipima diski yako. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha miamala ya mteja mmoja, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya takriban 120 kwa sekunde. Endesha pg_test_fsync, kipimo kinachokuja na PostgreSQL; ikikuonyesha maelfu kwa sekunde, kuna kache inayojibu kwa niaba ya sahani. Kama ni ya kidhibiti cha diski chenye betri ya kulinda kache yake, hiyo ni sawa kabisa. Kama ni ya diski ya kawaida, anza kwa kuizima kache hiyo kwa hdparm -W 0 kwenye Linux.

Kwa SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, hesabu hiyo haifanyi kazi. Mwaka 2013 watafiti wa Ohio State na HP Labs walizikatia umeme SSD 15 kwa makusudi, na 13 zikaonyesha hitilafu. Miundo hiyo ni ya zamani, na haitoshi kuhukumu SSD iliyo dukani leo. Kwa seva, tafuta iliyoandikwa kuwa na ulinzi wa kupotea kwa umeme, yaani kapasita za kumalizia uandishi. UPS husaidia sana, ila haizuii pawa saplai ya ndani kuungua.

Na anayelalamika kwamba mfumo ni mzito asiguse fsync. Kwenye PostgreSQL azime synchronous_commit, yaani kusubiri diski kabla ya kuthibitisha kila muamala: stima ikipotea atapoteza miamala ya sehemu ya sekunde, lakini mpangilio wa logi unabaki na hifadhidata itafunguka.