Je, wajua kwa nini ndoo ya taka ya mgahawa yafaa kupimwa kwenye mizani?

Kilo moja ya mchele ikiiva hutoa wali wa karibu kilo tatu, kwa kuwa mchele hunywa maji. Sasa chukua mgahawa unaomwaga kilo 6 za wali kila siku: hapo kilo 2 za mchele zimekwenda jalalani. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, umetupa kilo 52, na bado hujahesabu nazi, mafuta, mkaa na jasho la mpishi. Mwenye mgahawa haioni hasara hiyo kwa sababu haitoki kwa mkupuo. Hutoka sahani kwa sahani.

Ukaguzi wa taka ndio unaoifichua. Kwa wiki nzima, maana Ijumaa ya pilau haifanani na Jumatatu, kisimwagwe kitu kabla ya kupimwa. Weka ndoo nne: ya vilivyoharibikia stoo, ya maganda, ya chakula kilichobaki sufuriani, na ya makombo ya wateja. Kila jioni andika uzito daftarini.

Kwa nini isiwe ndoo moja? Kwa sababu wali wa sufuriani na wa sahanini hauponi kwa dawa moja. Ukibaki sufuriani, umepika kupita idadi ya walaji. Anza na sufuria ndogo, uongeze saa sita wakizidi kuja. Ukibaki sahanini, unapakua kuliko njaa ya mteja. Uza na nusu sahani kwa bei yake. Nyanya zilizooza stoo mara nyingi zinasema mzigo mpya unawekwa juu ya ule wa zamani.

Wafanyakazi waelezwe mapema kwamba hatafutwi mchawi. Hili nalisisitiza kuliko mizani yenyewe: mpishi anayeogopa kukatwa mshahara atamwaga kabla hujapima, na daftari litadanganya.

Kutenganisha kuna faida nyingine. Boksi kavu lina mnunuzi. Likilowa mchuzi halina. Maganda ya ndizi, mfugaji wa mbuzi huyafuata mwenyewe. Yakienda dampo yakafukiwa bila hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia. Na migahawa ina sehemu yake: UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani, asilimia 28 kutoka kwa wanaouza au kugawa chakula kilichopikwa.

Baada ya mwezi, zirudishe ndoo zile nne upime wiki nyingine, kwa mizani ile ile.