Magaga si uchafu

Mwenye magaga huonekana hajui kuoga. Ndiyo maana wengi wetu tukiona kisigino kimepasuka tunakimbilia jiwe, tunasugua mpaka ngozi inawaka.

Ukweli ni kwamba ngozi ya viganja na nyayo haina kabisa tezi za mafuta. Ina tezi za jasho tu, basi. Sehemu nyingine za mwili hujipaka zenyewe. Nyayo hutegemea umezipaka nini. Zikikauka hukakamaa, na kisigino kikibeba uzito wa mwili, hasa ukishinda na ndala zilizo wazi nyuma, hupasuka. Mikono nayo humalizwa na sabuni ya unga na maji ya moto. Kwa hiyo anayefua kutwa, msafi kuliko sisi sote, ndiye mwenye viganja vya magamba.

Kusugua kwa nguvu huichokoza ngozi izidi kuwa nene. Wembe ndiyo usiuguse kabisa. Loweka miguu dakika kumi katika maji ya vuguvugu, sugua taratibu, kausha kidogo, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, uvae soksi ulale. Ugumu ukizidi, ulizia duka la dawa krimu yenye urea. Matokeo huchukua wiki kadhaa.

Magamba yakiwa miguu yote miwili na mkono mmoja tu, shuku fangasi, mafuta hayatayaondoa. Na mwenye kisukari akiona mpasuko, aende kituo cha afya mapema.