Ukiguswa na Roho, si lazima ushike maikrofoni
Huku Masasi, mtu akibubujikwa machozi kwenye mkesha, kesho yake anaulizwa: "Lini unaanza kuhubiri?" Kana kwamba kuguswa na Mungu ni barua ya ajira madhabahuni. Sivyo. Katika Luka 9, Petro alipouona utukufu wa Yesu mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu, wabaki hukohuko. Siku ya pili walishuka, wakapokewa na kilio cha baba ambaye mwanawe alikuwa akitiwa kifafa na kutokwa povu. Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki waliofika Ndanda, hapa wilayani Masasi, mwaka 1906, ni watu wa sala hasa, lakini kando ya kanisa lao ipo hospitali. Jirani yangu mmoja, tangu mkesha wake, humchotea maji bibi kipofu kila alfajiri, ndoo mbili, kabla hajaenda kuokota korosho.