Chenza si mtoto wa chungwa

Wengi tumekua tukiamini kwamba chungwa ndilo tunda la asili na chenza ni aina yake ndogo. Vinasaba vinasema kinyume: chenza ni mzazi. Chungwa limetokana na mchanganyiko wa chenza na furungu, lile tunda kubwa lenye ganda nene. Danzi nalo lina wazazi hao hao. Danzi likapandana na sitroni, tunda la jamii hiyo hiyo linalofanana na limau kubwa lenye ganda nene, likazaliwa limau. Ndimu ina sitroni upande mmoja, na upande wa pili jamaa wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo si limau changa hata kidogo.

Kuchanganyika huku kuliwatesa wataalamu wa mimea. Swingle, Mmarekani, alihesabu spishi 16 katika jenasi ya Citrus, yaani kundi la matunda haya yote. Tanaka wa Japani akafikisha 162, kwani karibu kila mti uliotofautiana kidogo aliupa jina lake. Ndiyo maana vitabu havikubaliani mpaka leo.

Familia yenyewe, Rutaceae, ni pana kuliko matunda haya. Chukua jani la mlimau, liinue kwenye mwanga: utaona vitone vidogo vinavyopitisha nuru. Hizo ni tezi za mafuta, na ndizo zenye harufu. Mjafari wenye miiba unazo, na karipata tunayotia kwenye mchuzi pia. Mchaichai, pamoja na kunukia kote kule kama limau, haumo. Huo ni nyasi, ndugu wa muwa.