Tuzo ya usalama wa mgonjwa haitolewi kwa daftari tupu

Kila inapokaribia tarehe 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, mabango ya rangi ya chungwa hutundikwa kwenye mageti ya hospitali na idara fulani hutangazwa kuwa imefanya vizuri kuliko zote. Sababu inayosomwa mbele ya wageni mara nyingi ni moja: mwaka mzima idara hiyo haijaripoti hata tukio moja la kosa katika huduma. Makofi yanapigwa, cheti kinatolewa, picha ya pamoja inapigwa. Lakini sababu hiyo haithibitishi usalama wa mgonjwa yeyote, na mara nyingi inaashiria kinyume chake.

Maana yenyewe haina utata. Usalama wa mgonjwa ni kumkinga mtu asidhurike na huduma aliyoifuata. Ugonjwa uliomleta ni jambo jingine. Mtoto akifariki kwa malaria kali kwa sababu alicheleweshwa nyumbani, huo ni msiba wa ugonjwa na wa mazingira. Akiongezewa damu ya mtoto wa kitanda cha jirani, hayo ni madhara ya huduma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa anahudumiwa, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Ndiyo maana Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitenga siku hiyo mwaka 2019, ukafuatiwa na mpango wa utekelezaji wa 2021–2030. Kutambua mchango katika eneo hili, basi, ni kumtaja hadharani mtu, timu au kituo kilichopunguza uwezekano wa madhara ya namna hiyo, na kueleza kimepunguza nini na kwa njia gani. Pasipo maelezo hayo, tunachotoa ni zawadi tu.

Vitu viwili huchanganywa na usalama, na nitavipitia haraka. Cha kwanza ni unadhifu. Wafanyakazi wengi wa hospitali za Tanzania wanazijua S tano kwa ghibu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni kazi nzuri na ni msingi wa mengi, lakini rafu iliyopangwa na kubandikwa lebo bado inaweza kuwa na potasiamu kloraidi kali, inayoweza kuua ikidungwa bila kuzimuliwa, pembeni ya maji ya sindano, ampuli zikifanana kama mapacha. Cha pili ni lugha nzuri kwa wateja. Mgonjwa ana haki ya kusalimiwa na kuelezwa kinachoendelea, na anayefanya hivyo anastahili sifa, ila kauli laini haizuii dozi isiyo sahihi. Vyote viwili vina tuzo zao na vinastahili kuwa nazo.

Kinachostahili kukaliwa kitako ni hiyo sifuri ya matukio inayopewa cheti.

Tuanze na wodi ya wazazi, usiku, mama ana kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwenye mshipa ni gramu 4 katika mchanganyiko wa asilimia 20, ikisukumwa taratibu. Ampuli zilizopo kabatini kwa kawaida ni za asilimia 50. Kwa hiyo mkunga huvuta mililita 8 za dawa, huongeza mililita 12 za maji ya sindano, na kupata mililita 20 zenye gramu 4. Usiku huu maji ya sindano hayapo kwenye trei. Mama anatetemeka, ndugu wanalia mlangoni, na mkono wenye bomba la mililita 8 zisizozimuliwa unaelekea kwenye kanyula, mrija mdogo uliopachikwa mshipani. Mwenzake anauliza: "Sista, umeshazimua?" Mkono unasimama. Maji yanaletwa, dawa inazimuliwa, mama anapona.

Hakuna aliyedhurika. Je, liandikwe au lisiandikwe?

Hilo ni tukio la nusura: kosa lilianza safari na likakamatwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Lina ndugu wawili. Kuna tukio lililomfikia mgonjwa bila kumdhuru, na kuna tukio lililomdhuru. Yote matatu hutoka kwenye chanzo kilekile, tofauti ni pale lilipokamatiwa. Nusura ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu inafundisha kila kitu ambacho madhara yangefundisha, na mgonjwa yuko hai.

Hospitali inayotoa cheti kwa sifuri imeshajibu swali kwa niaba ya wakunga hawa wawili. Wakiandika, idara inapoteza cheti na wenzao wanawanunia. Hawaandiki. Wiki tatu baadaye trei iko vilevile, zamu ni nyingine, na anayevuta dawa yuko peke yake. Hospitali inayotambua walioripoti huamka asubuhi ikijua kwamba trei ya kifafa cha mimba haina maji ya sindano. Hapo hutengenezwa boksi moja lililofungwa: ampuli za magnesiamu salfeti, maji ya sindano, mabomba ya mililita 20, kalsiamu glukoneti gramu 1 ya kukabili sumu ya dawa hiyo, na kadi inayoeleza kuzimua na mambo matatu ya kuangalia kabla ya kila dozi inayofuata: pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, goti linaloitika likigongwa, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Boksi linakaguliwa kila zamu, na likitumika linajazwa siku hiyohiyo. Hapa kuna watu wa kutunukiwa: aliyeuliza, aliyekubali kusimamisha mkono na kuandika, na mfamasia aliyelijaza boksi.

Zipo sifuri nyingine ambazo hazitokani na woga. Zinatokana na kutotazama. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache, wakati maambukizi mengi ya kidonda huonekana akiwa keshafika nyumbani. Ufuatiliaji unatakiwa ufike siku 30. Wodi isiyopiga simu, isiyoangalia kidonda mama anapomleta mtoto kliniki, na isiyouliza zahanati ya kijijini kwake, itaandika maambukizi sifuri na itakuwa inasema kweli kuhusu daftari lake tu. Wodi ya jirani inayofuatilia hadi siku ya 30 itaandika maambukizi kadhaa na kuonekana chafu. Ukizipanga kwa nambari hizo, utakuwa umemwadhibu aliyetafuta.

Halafu kuna sifuri ya bahati. Kituo cha afya kilichofanya upasuaji mara 60 bila maambukizi hata moja hakijathibitisha kwamba kiwango chake ni sifuri. Kanuni rahisi ya wanatakwimu ni kugawa 3 kwa idadi ya wagonjwa: 3 kwa 60 ni asilimia 5, maana yake kiwango halisi bado kinaweza kufika huko na kituo kikawa kimebahatika. Zahanati nayo haina kifo cha mzazi kwa sababu, kama inavyopaswa, imempa rufaa kila mama aliyetatizika. Hospitali ya rufaa ndiyo itakayoandika vifo hivyo. Kuzishindanisha hizi mbili kwa idadi ya vifo ni kuionea hospitali, na pia ni kuishawishi zahanati isukume wagonjwa ili ilinde jina.

Wanaojua kazi hii hutarajia ripoti ziongezeke mwanzoni. Hospitali ikianza kujali usalama, daftari lililokuwa na matukio mawili kwa mwaka linaweza kuwa na ishirini kwa mwezi, na sehemu kubwa yake ziwe nusura. Mkurugenzi asiyeelewa hushtuka na kuitisha kikao cha kukemea. Ndipo ripoti zinakauka. Denmark iliona hatari hii mapema. Sheria yake ya usalama wa mgonjwa iliyoanza kutumika 2004 ilimlazimisha mtumishi kuripoti na papo hapo ikakataza aadhibiwe kwa sababu ya ripoti hiyo. Kwetu msingi huo si mgeni. Vikao vya kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga huendeshwa bila majina na bila lawama, na kifo cha mzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Kilichokosekana ni kuutoa msingi huo nje ya chumba cha kikao na kuupeleka kwenye mambo madogo ya kila zamu.

Sasa, kama sifuri haifai, tupime nini? Mfano mzuri uko hapa nchini. Ifakara ilikuwa mojawapo ya miji minane ya dunia ambako orodha hakiki ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa, matokeo yakachapishwa Januari 2009. Orodha ina vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Watafiti hawakuhesabu vifo tu. Walitazama kama vitendo vyenyewe vinafanyika: njia ya hewa imekaguliwa, kipimo cha oksijeni kimefungwa kidoleni, antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana, jina la mgonjwa na sehemu ya kupasuliwa vimetamkwa, gozi zimehesabiwa. Hayo yanaonekana kila siku, hata kwenye kituo kidogo, na hayasubiri mtu afe ili yahesabike.

Lakini hata kipimo hiki huharibika kikigeuzwa cha kuwania cheti. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliagiza hospitali zake zitumie orodha hiyo na kutoa taarifa za matumizi. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu hospitali 101 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa hospitali zilikuwa zikiripoti matumizi ya asilimia 90 na zaidi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu, na wengi walitaja ile inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kupitia mafaili: fomu inajazwa tiki, lakini hakuna aliyenyamaza kusikiliza. Ukikuta fomu thelathini za mwezi mzima zina mwandiko mmoja na wino mmoja, hujakuta usalama. Kaa kwenye pembe ya chumba, tazama upasuaji kumi, kisha linganisha na fomu.

Kamati inayotaka kutambua mchango kwa haki ifanye kazi kidogo zaidi ya kusoma barua za mapendekezo. Iulize ni tatizo gani moja lililoshughulikiwa. Iombe takwimu za kila mwezi, angalau miezi 12, zikiwa na kigawanyo chake: mianguko kwa kila siku 1,000 za kulaza, maambukizi kwa kila upasuaji 100. Mwezi mmoja mbaya ukifuatwa na mzuri si maendeleo. Mambo yaliyozidi kuharibika mara nyingi hurudi yenyewe kwenye wastani. Zichore takwimu hizo kwenye grafu: nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari wa kati, hapo kuna jambo la kuzungumza. Kwa usafi wa mikono, mwangalizi atoke idara nyingine na ahesabu fursa, yaani nyakati ambazo mtumishi alipaswa kunawa, zisizopungua 200 kwa wodi, kwa sababu wodi inayojipima yenyewe hunawa vizuri sana siku ya kupimwa. Na iulize swali la uhamisho: sista aliyeanzisha jambo hili akihamishwa, limebaki? Kama lilikufa na barua yake ya uhamisho, basi alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila mfumo haukubadilika.

Utaratibu wa Mei Mosi wa kuchagua mfanyakazi bora mmoja kila idara una heshima yake, lakini hautoshi hapa, kwa sababu madhara huzuiwa na mnyororo wa watu. Mhudumu wa usafi aliyesema sakafu ya bafu inateleza na mbeba wagonjwa aliyekataa kumsogeza mama asiye na utepe wa jina ni sehemu ya mnyororo huo, na majina yao huwa hayafiki kwenye orodha ya mapendekezo. Pesa nazo zitumike kwa uangalifu. Ukilipa kwa kila ripoti utapata rundo la ripoti kuhusu balbu zilizoungua. Anachokithamini zaidi aliyeripoti ni kuambiwa, ndani ya wiki mbili tatu, kilichofanyika kutokana na karatasi yake. Na tukio linapotajwa jukwaani, mgonjwa asitambulike, na kama alidhurika, yeye na familia yake wawe walishaelezwa ukweli na hospitali kabla ya mtu yeyote kupigiwa makofi.

Kwa hiyo anayeandaa vyeti vya Septemba hahitaji kuvifuta vyote. Abadilishe mstari mmoja. Palipoandikwa "Kwa kutokuwa na tukio lolote mwaka mzima", aandike: "Kwa kuripoti nusura ya dozi ya magnesiamu salfeti, kuweka boksi la dharura lililokaguliwa kila zamu kwa miezi 12, na kutoa taarifa ya matokeo kwa wodi zote."