Kwotabeki kinda "kukalishwa akomae": maana yake hasa

Kila Aprili, drafti ya NFL, yaani zamu ya klabu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, ikishapita, ushauri ni uleule: kwotabeki mpya akalishwe mwaka mzima, akomae kama Patrick Mahomes wa Kansas City. Wanaoutoa huishia kwenye "akalishwe", kana kwamba benchi lenyewe lina dawa.

Maana ni fupi. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Kinda wa mwaka wa kwanza ni yule aliyetoka chuo kikuu juzi. Kumkalisha akomae ni klabu kuamua, kwa makusudi, kumweka nyuma ya mkongwe huku ikimfundisha kazi ambayo chuoni hakuwahi kuifanya. Mafunzo yakitolewa hapo, kinachobaki ni kile ambacho mashabiki wetu wa soka wanakijua siku nyingi: kusugua benchi.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo, na kosa linatokana na kutojua wiki ya mazoezi inavyokwenda. Karibu zamu zote za kikosi cha kwanza huchukuliwa na kwotabeki anayeanza. Wa akiba naye hupewa kazi ya kuigiza timu itakayokuja Jumapili: kocha anamnyanyulia kadi yenye mchoro wa mbinu ya wapinzani, naye anaicheza ili mabeki wa timu yake wajizoeze. Kwa hiyo kinda anaweza kumaliza msimu mzima akiigiza makwotabeki wa watu, huku mashambulizi ya timu yake akiyatazama kwa mbali. Utingo aliyepanda lori la Tunduma miaka kumi, kama dereva hajawahi kumwachia usukani hata pale yadi, bado ni utingo.

Sasa tumtazame huyo Mahomes anayetajwa kila mara. Kansas City walimchukua wa 10 mwaka 2017, akitokea Texas Tech, chuo ambacho mashambulizi yake yalikuwa ya haraka na amri fupi fupi. Katika NFL alitakiwa aipokee mbinu ndefu kupitia redio iliyomo kwenye helmeti, ambayo hukatika saa inayohesabu muda wa kuanzisha shambulizi ikibakiza sekunde 15, awasomee wenzake kwenye duara, kisha asimame mbele ya mabeki, atambue nani anakuja kumvamia na awapange upya wanaomkinga. Aliyekuwa mbele yake ni Alex Smith, aliyemaliza msimu huo akiwa na alama ya juu kuliko wote katika kipimo cha ubora wa pasi, na ambaye hakuficha daftari. Mahomes mwenyewe amekiri hadharani mara kadhaa kwamba alijifunza kujiandaa kwa kumtazama Smith. Juu yao alikuwepo Andy Reid, kocha ambaye kulea makwotabeki ndiyo kazi iliyompa jina. Mahomes alianza mechi moja tu mwaka huo, ya mwisho, kule Denver. Msimu uliofuata alipiga pasi 50 za tachidauni, yaani zilizozaa bao, na kuwa mchezaji bora wa ligi.

Aaron Rodgers naye alikaa miaka mitatu nyuma ya Brett Favre, 2005 hadi 2007, na hadithi yake husimuliwa kama ya subira. Kilichosahaulika ni karakana. Mike McCarthy alipofika Green Bay mwaka 2006 alikuja na darasa lake la makwotabeki nje ya msimu, na humo Rodgers akabadilishwa hata namna ya kuubeba mpira, ambao chuoni alikuwa ameuzoea juu, karibu na sikio. Subira tu isingeushusha ule mkono.

Upande wa pili wa shilingi ni Trey Lance. San Francisco waliachia chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate akiwa wa 3 mwaka 2021. Akakalishwa nyuma ya Jimmy Garoppolo, akaanza mechi mbili tu. Lakini huyu alitoka chuo kidogo, na mwaka 2020 alikuwa amecheza mechi moja kwa sababu ya korona. Alichopungukiwa ni kucheza, nao wakamwongezea kutocheza! Septemba 2022 akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Nafasi ikaangukia kwa Brock Purdy, wa 262 na wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022, ambaye miaka yake minne ya Iowa State aliitumia uwanjani.

Je, wasikalishwe basi? Sisemi hivyo. Peyton Manning alianza mechi zote 16 mwaka 1998, pasi zake 28 zikanaswa na wapinzani, rekodi ya kinda mpaka leo, timu ikashinda tatu. Mwaka uliofuata walishinda 13. Ila msimu ule wa kwanza aliangushwa na wapinzani kabla ya kupiga pasi mara 22 tu. Alipata nafasi ya kukosea akiwa amesimama wima. David Carr, Houston ilipoanza kucheza mwaka 2002, aliangushwa mara 76. Kijana wa namna hiyo ningemficha mimi mwenyewe, na sababu isingekuwa kukomaa, ingekuwa mbavu zake. C.J. Stroud alipoingia moja kwa moja mwaka 2023, katika Houston hiyohiyo, alipiga tachidauni 23 na kunaswa pasi 5.

Pesa nazo zina sauti yake. Tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa 2011, mishahara ya makinda ilibanwa: kwotabeki kinda Sam Bradford alihakikishiwa dola milioni 50 mwaka 2010, kinda mwingine, Cam Newton, akapata milioni 22 mwaka mmoja baadaye. Kwotabeki wa bei hiyo anaiachia klabu fedha za kununua wengine, na kila mwaka anaokaa ni mwaka wa bei nafuu uliopotea. Ndiyo maana wengi hawakai.

Marekebisho yangu ni madogo. Septemba 2024, Carolina walipomtoa Bryce Young baada ya mechi mbili, nilisoma kwamba "amekalishwa akomae". Hapana. Young alikuwa mwaka wa pili, ameshaanza mechi 18, na alipokonywa nafasi. Alirudi Oktoba kwa sababu Andy Dalton, mkongwe aliyeshika nafasi yake, aliumia kidole gumba katika ajali ya gari, akamaliza msimu akicheza vizuri zaidi. Huenda zile mechi tano alizokaa benchi zilimsaidia, lakini tukimweka kundi moja na Mahomes, basi na ile ajali tuiite mpango wa kocha.