Kupima juu ya darasa: maana yake kwa mtoto anayefikiriwa kurushwa

Mtoto wa darasa la tatu anapata 98 kwa 100 katika hesabu, muhula hadi muhula. Wazazi wanaanza kuuliza kama arushwe darasa. Alama ile, kwa uzuri wake wote, haiwezi kuwajibu. Mtihani wa darasa la tatu huuliza mambo ya darasa la tatu tu. Aliyeyamudu hayo akaishia hapo atapata 98, na aliyekwisha kujifundisha asilimia na aljebra naye atapata 98 ileile. Wataalamu husema mtihani umegonga dari: ukipima urefu wa watu wazima kwa fimbo ya mita moja, wote watatoka sawa.

Kupima juu ya darasa ni kuiondoa dari hiyo. Mtoto hupewa mtihani uliotungwa kwa wanafunzi wanaomtangulia, pengine kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, kisha matokeo yake hulinganishwa na ya wanafunzi hao. Mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ndiye aliyeipa njia hii umaarufu. Katika utafiti alioanzisha mwaka 1971, watoto wa miaka 12 na 13 walifanya SAT, mtihani wa wanaoomba kuingia chuo kikuu. Watoto ambao katika mitihani ya darasa lao walionekana kulingana kileleni walitawanyika mno, na baadhi yao waliwapita vijana wengi wa sekondari.

Kipimo hiki hakifanani na kipimo cha akili. Kipimo cha akili hutolewa na mwanasaikolojia akiwa na mtoto mmoja mmoja. Wastani wake ni 100, na wanaofika 130 ni kama wawili katika kila mia. Kinaonyesha jinsi mtoto anavyofikiri, lakini hakikuambii kama anajua kugawanya kwa njia ndefu au kuandika insha yenye aya nne. Kwa uamuzi wa kurusha darasa vipimo vyote viwili vinahitajika, ila kwa maoni yangu hiki cha maarifa hudharauliwa isivyostahili, maana ndicho kinachoonyesha mtoto atakaa wapi siku ya kwanza katika darasa jipya.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kusoma majibu. Mtoto wa darasa la tatu akipata 60 kwenye mtihani wa darasa la tano, mzazi aliyezoea 98 hushtuka akadhani mwanawe ameshindwa. Hajashindwa. Swali la kuuliza ni hili: wanafunzi wa darasa la tano wenyewe hupata ngapi? Ikiwa wastani wao ni 58, mtoto huyu tayari ni mwenzao, tena bila kufundishwa. Mapengo yatakayoonekana, kama mada aliyoikosa au mwandiko wa polepole, mara nyingi huzibika kwa kumfundisha wiki chache, na si haki yawe sababu ya kumzuia.

Lakini alama peke yake haitoshi. Kifaa kiitwacho Iowa Acceleration Scale, kinachosaidia shule na wazazi kufikia uamuzi, hakishauri kumrusha mtoto ikiwa yeye mwenyewe hataki, au ikiwa ataingia darasa alimo kaka au dada yake, hata matokeo yakiwa ya juu namna gani.

Na kabla ya siku ya mtihani, kaa naye. Mwambie kwamba atakutana na maswali ambayo hakuna aliyemfundisha, na kwamba hatarajiwi kuyajibu yote. Mtoto aliyezoea kupata kila kitu huenda hajawahi hata mara moja kutazama swali asijue pa kuanzia, na asipoandaliwa anaweza kuweka kalamu chini kwenye swali la kumi, wakati uwezo wake ungemfikisha la thelathini.